Chuo Kikuu Juu ya Maziara: Maoni Kuhusu Makaburi ya Kale ya Wayahudi wa Thessaloniki

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wanapozungumzia kuangamizwa kwa Wayahudi wa Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili, huhesabu watu, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, katika mji wa Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki, kuna hesabu nyingine isiyokuwa na budi kufanywa sambamba na hiyo, nayo ni hesabu ya mawe. Kabla Wayahudi wa mji huo hawajapakiwa katika treni za kuwapeleka Auschwitz, ubomoaji wa maziara yao ulikuwa umekwisha kuanza. Juu ya ardhi ya maziara hayo leo kimesimama Chuo Kikuu cha Aristotle, ambacho ni miongoni mwa vyuo vikuu vikubwa kabisa nchini humo.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Ubomoaji wa maziara ya Thessaloniki haukuwa tendo la jeshi vamizi peke yake, bali ulitayarishwa kwa miaka mingi kwa lugha ya kawaida ya mipango ya mji. Na kwa kuwa aliyefaidika na ardhi hiyo ni chuo kikuu, yaani taasisi iliyoundwa kuhifadhi na kusoma kumbukumbu za wanadamu, deni lililobaki ni deni la kitaaluma. Deni la namna hiyo halilipwi kwa mnara wa ukumbusho pekee.

2.0 Maziara na Watu Wake

Kuwapo kwa Wayahudi katika mji huo ni jambo la kale. Sura ya 17 ya Matendo ya Mitume inataja sinagogi la Thessaloniki katika karne ya kwanza. Lakini jamii iliyoupa mji sura yake ya baadaye ilitokana hasa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walikuwa wameuteka mji huo mwaka 1430, nao waliwapokea wakimbizi hao. Wengine walifuata kutoka Ureno, Sisilia na sehemu nyingine za Italia. Masinagogi yao yalipewa majina ya makwao: Kastilia, Aragon, Katalunya, Lisbon. Kwa karne kadhaa mji huo ulikuwa mojawapo ya miji michache ya dunia ambamo Wayahudi walikuwa kundi kubwa kuliko makundi mengine, hata bandari ikawa inapumzika siku ya Jumamosi. Sensa ya mwaka 1913, iliyofanywa baada ya mji kuingia mikononi mwa Ugiriki mwaka 1912, iliwahesabu Wayahudi zaidi ya 61,000 kati ya wakazi wapatao 158,000.

Lugha yao ilikuwa Kiladino, yaani Kihispania cha karne ya 15 kilichoendelea kukua mbali na Hispania. Lugha hiyo iliandikwa kwa hati ya Kiebrania, nayo ilipokea maneno ya Kiebrania, Kituruki, Kigiriki, na baadaye Kifaransa. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Anajua vema hali ya lugha yenye sarufi yake yenyewe, iliyoandikwa kwa karne nyingi kwa hati iliyotokana na lugha nyingine, na iliyopokea msamiati wa majirani bila kupoteza uti wake wa mgongo.

Maziara ya jamii hiyo yalikuwa nje ya ukuta wa mashariki wa mji. Yalienea katika eneo la hekta zipatazo 35, na makadirio ya idadi ya makaburi yanaanzia 300,000 na kuendelea. Walizikwa humo wafumaji wa sufu waliotengeneza nguo za askari wa Sultani, wachukuzi wa bandarini, wachapaji vitabu, matabibu, na wanasheria wa dini kama Samuel de Medina, aliyefariki mwaka 1589 na ambaye majibu yake ya kisheria yalitegemewa mbali na mji wake. Kwa Kiebrania, maziara huitwa nyumba ya milele, na vilevile nyumba ya walio hai. Majina hayo yanabeba kanuni ya sheria ya Kiyahudi kwamba kaburi ni mali ya aliyelala humo. Halikodishwi wala halina muda wa kwisha.

3.0 Kutoka Mpango Hadi Ubomoaji

Moto mkubwa wa Agosti 1917 uliteketeza kitovu cha Thessaloniki na kuwaacha watu wapatao 70,000 bila makazi, wengi wao wakiwa Wayahudi. Serikali ya Ugiriki ilimkabidhi Ernest Hébrard, msanifu wa Kifaransa, jukumu la kuongoza mpango wa mji mpya. Katika mpango huo, eneo la mashariki ya ukuta lilitengewa chuo kikuu na bustani. Katika ramani hiyo maziara hayakuonekana kama mahali penye watu, bali kama nafasi inayongoja matumizi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo historia ya ubomoaji inapoanza, miaka 25 kabla nyundo ya kwanza haijagonga jiwe.

Mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki ya mwaka 1923 yaliwaondoa Waislamu mjini na kuwaleta wakimbizi Wagiriki kwa makumi ya maelfu. Maziara ya Waislamu nayo yalitoweka chini ya majengo mapya. Chuo kikuu kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1925 na kuanza kufundisha mwaka 1926. Muda si muda, madai ya kutaka ardhi ya maziara yalizidi. Yalitolewa kwa maneno ambayo hayamtishi mtu: usafi, upanuzi, sura nzuri ya mji, mahitaji ya vijana. Mwaka 1937 jamii ya Wayahudi, baada ya majadiliano marefu, ilikubali kuachia sehemu ya ardhi hiyo kwa chuo, na makubaliano hayo yakatiwa katika sheria. Walitoa sehemu wakitumaini kuliokoa eneo lililobaki.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia mjini Aprili 1941. Tarehe 11 Julai 1942, wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000 walikusanywa katika Uwanja wa Uhuru, wakadhalilishwa juani kwa saa nyingi, kisha wengi wakapelekwa kufanya kazi za shokoa. Viongozi wa jamii walipojadiliana na Max Merten, mtawala wa kiraia wa jeshi la Ujerumani, ili wawakomboe watu hao kwa fedha, suala la maziara liliingizwa katika mazungumzo. Ubomoaji ulianza tarehe 6 Desemba 1942. Waliobomoa hawakuwa askari wa Kijerumani, bali mamia ya vibarua walioajiriwa na manispaa ya mji.

Mawe yakawa bidhaa. Mengine yalijengea kuta, mengine yakatandikwa njiani na katika nyua, mengine yakatumika katika makanisa yaliyokuwa yakikarabatiwa, na mengine yakatengeneza bwawa la kuogelea la wanajeshi wa Kijerumani. Kati ya Machi na Agosti 1943, Wayahudi wapatao 46,000 walisafirishwa kutoka mjini humo, takriban wote kwenda Auschwitz-Birkenau, ambako walio wengi waliuawa mara walipofika. Baada ya vita walioonekana tena mjini hawakufika 2,000. Merten alikamatwa Athens mwaka 1957, akahukumiwa mwaka 1959 kifungo cha miaka 25, na mwaka huohuo akakabidhiwa kwa Ujerumani Magharibi, akawa huru. Katika miongo iliyofuata vita, majengo ya chuo yalienea juu ya ardhi iliyokuwa maziara.

4.0 Hoja za Utetezi

Wapo wanaosema kwamba yote hayo ni makosa ya Wajerumani, na kwamba nchi iliyotekwa haiwezi kulaumiwa. Hatukatai kwamba pasingekuwapo uvamizi, maziara yasingebomolewa kwa namna ile na kwa wakati ule. Lakini uvamizi ulileta fursa, haukuleta nia. Wajerumani hawakuwa na haja na hekta 35 za ardhi ya Thessaloniki, na bwawa moja la kuogelea halihitaji mawe ya makaburi laki tatu. Waliokuwa na haja hiyo walikuwapo tangu miaka ya 1920, na ramani yao ilikuwa tayari. Kumtwisha mvamizi mzigo wote ni kumwondolea mwenyeji sehemu yake ya historia.

Wapo pia wanaosema kwamba walio hai wana haki zaidi ya ardhi kuliko wafu. Hoja hii ina uzito, nasi tunaoishi katika miji inayofurika watu hatuwezi kuidharau. Hata hivyo, sheria ya 1937 yenyewe inathibitisha kwamba njia ya maelewano ilikuwapo na ilikwisha kuanza kufuatwa. Tofauti kati ya 1937 na 1942 ni kwamba katika mwaka wa kwanza wenye makaburi walikuwa na sauti, na katika mwaka wa pili walikuwa wamenyang'anywa sauti hiyo. Mahitaji ya walio hai hayakuwa yamebadilika katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni uwezo wa jamii moja kusema hapana.

Hoja ya tatu ni ile ya watu wenye nia njema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo tunaiheshimu, lakini yafaa kuuliza msemaji wake ni nani. Husemwa na aliyekosewa anapoamua kusamehe. Ikisemwa na aliyefaidika na kosa, inakuwa ombi la kusamehewa kabla ya kukiri.

5.0 Deni la Kitaaluma

Kwa nini basi suala hili liwahusu wasomi wa lugha? Jibu letu ni kwamba maziara ni maktaba. Kila jiwe la kaburi lina jina, tarehe, mara nyingi kazi ya marehemu, na pengine chanzo cha kifo chake, kama vile tauni. Mawe laki tatu yaliyopangwa kwa karne nne na zaidi yangemwezesha mchunguzi kufuatilia jinsi majina ya Kihispania yalivyodumu au kufifia, na lini Kiladino kilianza kusimama kando ya Kiebrania katika maombolezo. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki tunajua thamani ya ushahidi wa namna hii. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na kaburi la Gedi la mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia, ni mawe mawili tu, lakini kila anayeandika historia ya Waswahili huyaegemea. Lau yangalisagwa kuwa kokoto, tungalibishana hata leo juu ya mambo ambayo sasa tunayajua kwa yakini.

Walikuwapo walioelewa jambo hili wakati wenyewe wa msiba. Michael Molho, rabi na mwanahistoria, alijitahidi kunakili maandishi ya mawe huku yakibomolewa. Isaac Emmanuel, aliyezaliwa mjini humo, alichapisha Jerusalem mwaka 1963 na 1968 mabuku mawili ya maandishi ya makaburi hayo. Kazi za watu hao wawili ndizo zinazotupa sehemu kubwa ya tunachokijua. Ni kidogo mno tukilinganisha na kilichokuwapo.

Tarehe 9 Novemba 2014 mnara wa ukumbusho wa maziara ulizinduliwa ndani ya eneo la chuo, miaka 72 baada ya ubomoaji. Katika sherehe hiyo Yiannis Boutaris, aliyekuwa meya wa mji, alisema wazi juu ya aibu ya mji kwa kunyamaza kwa muda mrefu. Baadaye kidogo chuo kilianzisha uprofesa wa taaluma za Kiyahudi. Hatua hizo ni za kusifiwa. Lakini mnara huwaambia wapitao kwamba palikuwa na maziara, haumwambii msomaji yaliyokuwa yameandikwa humo.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanafaa kufanywa na chuo hicho chenyewe, wala si na jamii ya Wayahudi peke yake. Kwanza, vipande vya mawe vinavyojitokeza katika kuta, nyua na machimbo ya mji viorodheshwe, vipigwe picha na kusomwa, kwa ushirikiano na wenye maziara. Pili, maandishi yaliyokwisha kunakiliwa yafasiriwe kwa Kigiriki na kufundishwa katika idara za historia na isimu. Mwanafunzi anayeketi juu ya ardhi hiyo asome walichokisema waliolazwa chini yake. Tatu, historia rasmi ya chuo ieleze kwa ukamilifu nafasi ya walimu na viongozi wake katika madai ya ardhi ya miaka ya 1920 na 1930, kwa ukali uleule ambao chuo kingeutumia kumchunguza mtu mwingine yeyote.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maziara ya Thessaloniki yalibomolewa mara mbili: kwanza katika ramani, kisha kwa nyundo. Ubomoaji wa kwanza ulifanywa na watu wenye elimu, wakati wa amani, kwa maneno ya maendeleo. Ndio unaotuhusu zaidi sisi wa vyuo vikuu, kwa sababu maneno hayo tungali tunayatumia katika kamati zetu za ujenzi na mipango yetu ya upanuzi. Mtaalamu anapoletewa ramani yenye eneo lililoandikwa kuwa li wazi, na aulize ni nani aliyeliona kuwa wazi, na kama wenye eneo hilo walikuwapo chumbani wakati ramani ilipochorwa.