Shabiki, Toka Barabarani

Aliyemrushia Chris Froome kikombe cha mkojo mwezi Julai 2015 hakuwa mpinzani wake. Hakuwa Nairo Quintana, yule Mkolombia aliyekuwa akimwinda kila mlima. Hakuwa Alberto Contador wala Vincenzo Nibali. Alikuwa mtazamaji tu, mtu aliyekwenda kwa miguu yake kusimama kando ya barabara ya kuelekea Mende, kusini mwa Ufaransa, kutazama Tour de France. Froome mwenyewe ndiye aliyeeleza baada ya hatua ile kwamba alimwona jamaa akimmwagia uchafu huo huku akimwita mtumiaji wa dawa. Mwenzake wa timu, Richie Porte, naye alisema alipigwa ngumi na mtazamaji kwenye milima ya Pyrenees katika mashindano hayo hayo.

Froome ni mzaliwa wa Nairobi. Alijifunza baiskeli katika vilima vya Kikuyu akilifuata gurudumu la David Kinjah, akavaa rangi za Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, kisha akaanza kuiwakilisha Uingereza na kutwaa Tour mara nne. Kwa hiyo ndiyo, tusi lile lilitugusa huku kwetu. Lakini hata angekuwa mzaliwa wa kisiwa ambacho sijawahi kukisikia, hasira yangu ingekuwa ile ile, kwa sababu kikombe kile kinasema jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu hatutaki kulisikia: wanaogombea jezi ya njano, ile ya kiongozi wa mashindano, wanajua kuheshimiana. Sisi tunaowashangilia ndio hatujui.

Tukio la Luz Ardiden, Julai 21, 2003, linatosha kuthibitisha hilo. Lance Armstrong anaongoza Tour kwa sekunde 15 tu mbele ya Mjerumani Jan Ullrich. Sekunde 15, baada ya wiki mbili za kupanda na kushuka! Kwenye mlima wa mwisho usukani wake unanasa kwenye mfuko wa mtazamaji aliyesimama karibu mno na njia. Armstrong chini, na Iban Mayo aliyekuwa nyuma yake naye chini. Mbele yao Ullrich ana barabara nyeupe na jezi ya njano imelala kwenye lami. Akapunguza mwendo. Miaka miwili nyuma yeye mwenyewe alikuwa ameporomokea kwenye korongo akiteremka mlima wa Peyresourde, na Armstrong akamngoja. Safari hii Ullrich akalipa. Armstrong akainuka, akawafikia, akachomoka na kushinda hatua ile kwa sekunde 40.

Najua mtakachosema. Armstrong alivuliwa mataji yake yote saba mwaka 2012, na Ullrich naye akatiwa hatiani kwa mambo ya dawa. Siwatetei katika hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mchana ule aliyemwangusha kiongozi wa mashindano alikuwa shabiki, na aliyemngoja alikuwa mtu mwenye kila sababu ya kutaka asiinuke.

Sasa njoo karibu zaidi, Julai 21, 2022, hatua ya 18, kutoka Lourdes hadi Hautacam. Jonas Vingegaard wa Denmark amevaa njano. Nyuma yake kwa dakika 2 na sekunde 18 yupo Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyelitwaa taji miaka miwili mfululizo, na hana tena milima ya kupoteza. Kwenye mteremko wa Col de Spandelles, kijia chembamba chenye kona za ghafla, Pogačar anashuka kama mtu asiyejua maana ya breki. Vingegaard akimfuata nusura aende na maji: gurudumu la nyuma linateleza, mguu unatoka kwenye pedali, baiskeli inayumba, anaiokoa. Punde tu baadaye ni zamu ya Pogačar. Anatanua kona mno, gurudumu linaingia kwenye changarawe ya ukingoni, analalia ubavu wa kushoto na kuburuzika. Anaponyanyuka, bukta imechanika na paja linatoka damu.

Vingegaard akageuza shingo. Akaacha kukanyaga. Akaiachia baiskeli iteremke yenyewe taratibu hadi Pogačar alipomfikia, na huyo alipofika sambamba naye akanyoosha mkono, na wakashikana mikono wakiwa bado wanateremka. Hakuna kanuni iliyomlazimisha kungoja. Hakuna mwamuzi ambaye angemwadhibu kama angeondoka. Baadaye kidogo, kwenye mlima wa Hautacam, mwenzake wa timu Wout van Aert akalivuta kundi dogo walilokuwemo mpaka Pogačar akakata pumzi, na Vingegaard akaenda peke yake kushinda kwa dakika 1 na sekunde 4.

Wapo wanaosema Vingegaard alifanya ujinga, kwamba bingwa wa kweli hana huruma. Huo ni upofu. Mtu aliyemngoja mwenzake kisha akampiga mlimani, mguu kwa mguu, ana jezi ambayo hakuna awezaye kusema aliiokota kwenye changarawe. Huruma ipi hapo? Alimtaka Pogačar akiwa mzima ili amshinde akiwa mzima. Kwa kiburi cha kimichezo, hakuna cha juu zaidi ya hicho.

Mashabiki nao wanaipimaje heshima hii? Kwa rangi ya jezi. Mwaka 2010, kwenye mlima wa Port de Balès, Andy Schleck wa Luxembourg akiwa na njano na akiongoza kwa sekunde 31, alichomoka na mnyororo wake ukatoka. Contador akampita na kuendelea. Mjini Luchon alikuwa amechuma sekunde 39, na jezi akaivaa yeye, huku umati ukimpigia miluzi. Aliomba radhi kwa video. Tour ilipoisha Paris, tofauti kati yao ilikuwa sekunde 39 zile zile. Mimi nasema Contador alikosea, hata kama ni Schleck aliyeanzisha mashambulizi. Lakini kilichonichefua zaidi ni kelele za mashabiki. Wa Contador wakagundua ghafla kwamba mnyororo ni sehemu ya mashindano. Wa Schleck wakagundua ghafla kwamba uungwana ni sheria. Laiti mnyororo ungemtoka Contador, pande mbili zingebadilishana hoja zao neno kwa neno bila hata kuona haya. Na mwaka 2012, Contador aliponyang'anywa taji lile kwa sababu ya clenbuterol, dawa iliyokatazwa, Schleck akapewa ushindi wa mezani, na kelele zikaanza upya.

Sichukii upinzani. Baiskeli bila upinzani ni matembezi ya jioni. Mwaka 1964 Jacques Anquetil na Raymond Poulidor walipanda Puy de Dôme bega kwa bega, wakigusana viwiko, hakuna anayetaka kumwachia mwenzake hata upana wa kiganja, na Wafaransa wamegawanyika nusu kwa nusu majumbani na kazini. Poulidor hakuwahi kuivaa njano hata siku moja maishani mwake na bado alipendwa kupita wengi walioivaa. Huo ni utani wa jadi wa kweli, wa kuchomana maneno na kula meza moja. Miaka 11 baadaye, kwenye mlima huo huo, mtazamaji alimpiga Eddy Merckx ngumi akiwa anakaribia kileleni. Merckx alikuwa anatafuta taji la sita. Siku mbili baadaye alipokonywa jezi ya njano na Bernard Thévenet huko Pra-Loup, na hakuwahi tena kushinda Tour. Merckx alikuwa ameshinda mno na mtu fulani akachoka kumwona akishinda. Akatumia ngumi kumaliza uchovu wake!

Leo ngumi imepata wenzake: simu, bango, mwenge wa moshi, mkanda wa kamera. Juni 26, 2021, hatua ya kwanza kabisa, ikiwa imebaki kilomita 45 kufika Landerneau, mtazamaji mmoja alisimama ndani ya barabara na bango la kadibodi la kuwasalimu babu na bibi, uso kwenye kamera ya televisheni, mgongo kwa kundi zima la waendesha baiskeli linalokuja. Mwendeshaji Tony Martin akaligonga na msururu mzima ukaanguka juu yake. Mahakama mjini Brest ilimtoza faini ya euro 1,200. Mwaka 2023 mwingine akanyoosha mkono apige picha, akamgonga Sepp Kuss, na waendeshaji wapatao 20 wakagaragara. Mwaka 2016, Mont Ventoux, hatua ilifupishwa kwa kilomita 6 kwa sababu ya upepo, umati ukabanana pale Chalet Reynard hadi pikipiki ya kamera ikakosa pa kupita, ikasimama, na Porte, Froome na Bauke Mollema wakaivaa kwa nyuma. Dunia ikamwona aliyevaa jezi ya njano akikimbia mlima kwa viatu vya baiskeli. Watu walicheka na kusambaza picha. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Utetezi wa mashabiki naujua, na una uzito wake. Huu ni mchezo usiouza tiketi ya mlimani. Unasimama nusu mita kutoka kwa bingwa, unamsikia anavyohema, unaona jasho likidondoka kwenye usukani. Hakuna uwanja duniani unaokupa hivyo. Weka vyuma kila mahali na utakuwa umeua roho ya Tour. Sawa. Lakini fikiria Uwanja wa Mkapa, Simba na Yanga, mshambuliaji yuko yeye na kipa, na shabiki mmoja anaingia ndani ya eneo la hatari akimkimbiza bega kwa bega na simu mkononi. Je, tungeita hiyo roho ya mchezo? Tungemtoa mtu huyo kwa kola. Kupewa nafasi ya nusu mita ni heshima waliyokupa wao. Ukiitumia kumsukuma, kumtemea au kumzibia njia, umeivunja, na huna haki ya kulalamika nafasi ile ikichukuliwa.

Na tusiambiwe kwamba umati mkubwa hauwezi kushangilia bila kugusa mtu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza kabisa barani Afrika. Watu walijaa kwenye kile kilima cha mawe wanachokiita Ukuta wa Kigali, wakapiga kelele hadi sauti zikakauka, na Pogačar akapita katikati ya kelele zile akaenda kutwaa ubingwa. Hakuwa Mnyarwanda, wala hakuna Mwafrika aliyekuwa karibu kumnyima. Walimshangilia kwa sababu walijua wanachokitazama.

Kwa hiyo waandaaji wa Tour waache kubembeleza. Video za kuwaomba watazamaji wawe wastaarabu zimetolewa vya kutosha. Kila mlima unaomaliza hatua uzungushiwe uzio mapema zaidi kuliko ilivyo sasa, hasa kona zile ambazo walevi huweka kambi kwa juma zima. Anayemgusa mwendesha baiskeli apelekwe mahakamani kwa kumshambulia mtu kazini kwake, kwa sababu ndivyo ilivyo: yule ni mfanyakazi, na barabara ile siku ile ni ofisi yake. Na sisi tunaotazama kwenye simu tukiwa Mombasa, Arusha au Bujumbura tuache kusambaza kwa vicheko kila video ya mpumbavu anayekimbia na bendera mbele ya gurudumu. Yule anakimbia kwa ajili yetu. Anajua tutamtazama.

Kwa wanaolia kwamba uzio utaharibu utamu, ninawaelekeza kwa Nibali, bingwa wa 2014. Mwaka 2018 alikuwa akipanda Alpe d'Huez na viongozi, akiwa bado ndani ya kinyang'anyiro, wakapita kwenye moshi na umati ulioacha njia ya upana wa baiskeli mbili tu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kitu kama mkanda wa kamera kilimnasa. Akaanguka, akapanda tena, akafukuza, akamaliza sekunde 13 nyuma ya mshindi. Hospitali ikakuta amevunjika pingili ya uti wa mgongo. Kesho yake asubuhi wenzake walipojipanga kuanza hatua nyingine, yeye hakuwamo.