Mawe ya figo: Kilio cha watoto wa China ambacho hakikusikilizwa

MTU mzima mwenye mawe kwenye figo ana mdomo wa kusema. Hueleza maumivu makali yanayoanzia ubavuni na kushuka hadi kinenani, yakija na kuondoka kama mawimbi. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Yeye hulia tu.

Ndiyo maana kashfa ya maziwa ya kopo iliyoitikisa China mwaka 2008 ingali somo hadi leo. Kwa takwimu za serikali ya nchi hiyo, watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walifariki dunia baada ya kunywa maziwa yaliyotiwa melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki.

Wafanyabiashara waliongeza maji katika maziwa, kisha wakatia kemikali hiyo ili kuvidanganya vipimo. Vipimo vya wakati huo vilihesabu naitrojeni badala ya protini yenyewe, na melamini ina naitrojeni nyingi. Ndani ya figo za watoto, kemikali hiyo iligeuka mawe yaliyoziba njia ya mkojo.

Dalili hazikujificha. Watoto walilia walipokojoa, mkojo wa baadhi yao ulikuwa na damu, na wengine mkojo ulipungua au ukakatika kabisa. Kampuni ya Sanlu ilianza kupokea malalamiko ya wazazi Desemba 2007. Hata hivyo, umma haukutangaziwa hadi Septemba 2008, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing kumalizika. Kwa muda wa miezi tisa, maziwa yaliendelea kuuzwa.

Kosa la kupuuza dalili si la makampuni peke yake. Hata majumbani, maumivu ya ubavu ni rahisi kuyaita ngiri au chango, yakatulizwa kwa vidonge vya duka la dawa. Yakikoma, mgonjwa hudhani amepona. Lakini jiwe laweza kuendelea kuziba njia ya mkojo huku figo ikiharibika kimyakimya.

Mkojo wenye damu, hata usio na maumivu, wahitaji kupimwa hospitalini. Maumivu ya ubavu yanayoandamana na homa na kutetemeka ni jambo la dharura, kwa kuwa huenda mkojo uliozuiwa umeingia vijidudu. Anayeshindwa kukojoa naye hapaswi kungoja kesho. Kwa mtoto mchanga, nepi inayobaki kavu kwa saa nyingi ni onyo tosha.

Nchini China sheria ilichukua mkondo wake. Sanlu ilifilisika, na Novemba 2009 watu wawili waliuawa kwa hukumu ya mahakama. Adhabu hiyo haikuwarudisha watoto sita ambao wazazi wao, kabla ya maabara yoyote kusema, walikuwa wameshaona kwamba mambo si shwari.