Vinasaba si hukumu ya ukoo

Kila tunaporudi Kyela kwa likizo, tunasikia swali lilelile kabla ya posa: "Ukoo ule hauna wazimu?" Ikijulikana kwamba mjomba aliwahi kulazwa Mirembe, uchumba huvunjika. Ndugu mwenye sonona naye hufichwa ndani ili asiharibie wenzake. Kesho, tukijaliwa upadre, swali hilo litaletwa ofisini kwetu. Tutajibu nini?

Urithi upo, tusiukane. Watafiti hulinganisha vinasaba vya maelfu ya watu, na wameona kwamba sehemu kubwa ya tofauti zinazohusishwa na skizofrenia zinahusishwa pia na baipola. Sonona na wasiwasi uliopitiliza vina ujirani wa namna hiyo. Mwaka 2019 Andrew Grotzinger na wenzake walichapisha njia ya kitakwimu ya kukadiria chanzo cha pamoja kilicho nyuma ya hali nyingi kama hizo.

Mtu wa Kyela ataelewa upesi. Masika, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa pamoja ikielekea Ziwa Nyasa. Tukiiona, tunajua mvua imenyesha juu Rungwe, ingawa hatukuiona. Lakini mvua hiyo haituambii ni nyumba ipi itabomoka. Kingo za mto, miti iliyokatwa na mahali tulipojenga, vyote vina sehemu yake.

Hapo ndipo falsafa inapotusaidia. Chanzo hicho cha pamoja ni makadirio ya hesabu, hakijaonwa na mtu kwenye darubini. Kinaeleza kundi kubwa la watu. Hakimtabirii binti huyu wala kijana yule. Tena, hadi mwaka 2019, takribani asilimia 79 ya washiriki wa tafiti za vinasaba duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umeanza kuziba pengo hilo Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Sisi wa Nyasa hatumo. Tunawahukumuje majirani kwa vipimo ambavyo havikutupima?

Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, Bwana hakukubali kumlaumu yeye wala wazazi wake. Nasi tusizungumzie laana ya ukoo. Wachumba waulizane historia ya familia zao, lakini kwa nia ya kutunzana: kutambua dalili mapema, kwenda hospitali, kutoacha dawa. Na jumuiya zetu ndogondogo zianze kwa kusali nyumbani kwa yule anayefichwa.