Wafadhili wakiondoka, nani atalipia utafiti wa mazingira vyuoni?

UAMUZI wa Serikali ya Sweden, uliotangazwa Desemba 2025, wa kusitisha hatua kwa hatua misaada yake ya maendeleo kwa Tanzania na nchi nyingine nne, unaweza kusomwa kama habari ya kidiplomasia. Kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) unagusa jambo la karibu zaidi, yaani maabara zao, wanafunzi wao wa uzamivu na safari zao za kwenda kupima udongo na maji.

Sweden imekuwa ikisaidia utafiti nchini tangu miaka ya 1970. Wahadhiri wengi wa Mlimani walipata shahada za uzamivu kwa utaratibu wa kusoma kipindi fulani huko na kukusanya takwimu hapa nyumbani.

Miezi mitano kabla ya tangazo hilo, Julai 1, 2025, Shirika la Misaada la Marekani (USAID) nalo lilikoma kuwa chombo kinachojitegemea. Shirika hilo ndilo lililogharimia mradi mkubwa wa utafiti na mafunzo ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ulioanza mwaka 2011.

Matukio hayo mawili yameibua swali lililoahirishwa kwa muda mrefu: je, utafiti wa maendeleo endelevu katika vyuo vya Tanzania ni mali ya nani?

Utafiti huo si mgeni, wala haukuja na lugha ya mikutano ya kimataifa. Mwaka 1967, miaka mingi kabla neno "endelevu" halijaingia katika hotuba, ilianzishwa Mlimani ofisi ya tathmini ya rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali (IRA). Kazi yake ilikuwa kuiambia nchi changa ina ardhi gani, maji kiasi gani na watu wake wanaishije navyo.

Kati ya kazi za awali zinazokumbukwa ni uchunguzi wa mmomonyoko wa udongo, uliofanywa kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala na kuchapishwa mwaka 1972 chini ya uhariri wa Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Sehemu moja ya kazi hiyo inahusu Mgeta, katika milima ya Uluguru, ambako mvua kubwa ya siku moja ya Februari 1970 ilisababisha maporomoko yaliyozidi elfu moja. Watafiti walipoyakagua, waliona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na malisho. Yaliyoanzia ndani ya msitu yalihesabika kwa vidole.

Miaka 53 baadaye, Desemba 3, 2023, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hata hivyo, somo la Mgeta halikutosha kuieleza Katesh, kwani wataalamu wa Serikali walisema sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu iliyonyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia. Kila mlima una tabia yake, na ili kuijua tabia hiyo anahitajika mtu wa kuupima mwaka hadi mwaka, hata pale ambapo hakuna msiba wala mwandishi wa habari.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfadhili hutoa fedha kwa miaka mitatu, minne au mitano, wakati udongo, misitu na bahari havifuati kalenda hiyo. Mradi unapofungwa, mara nyingi huacha ripoti iliyojaladiwa vizuri, gari lililochoka na kifaa cha kupimia kisicho na vipuri, na mtafiti naye huanza kuandika andiko jingine, kwa mada anayoitaka mfadhili anayefuata.

Mfano ulio wazi ni mpango wa kupunguza hewa ukaa inayotokana na uharibifu wa misitu, ujulikanao kama MKUHUMI. Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania krona milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Ghafla kaboni ikawa wimbo wa kila kitivo. Programu kubwa ya utafiti ikaanza mwaka 2009 chini ya uongozi wa SUA, ikishirikisha UDSM, Chuo Kikuu Ardhi na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ilisomesha vijana wengi, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini fedha zilipokwisha, majaribio mengi ya vijijini yalififia na wanavijiji wakabaki wakiuliza malipo ya kaboni yaliishia wapi.

Lipo hata hivyo jambo moja lililonusurika. Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni (NCMC), kilichoanzishwa pale SUA kwa msaada huohuo, kilipewa kazi rasmi katika kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Mwekezaji anayetaka kuuza kaboni ya misitu ya Tanzania hawezi kukikwepa. Kilichokiokoa si wingi wa makala zake, bali ni sheria kukitambua na nchi kukihitaji.

Kwa upande wa Zanzibar hali ni tofauti kidogo. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kuanzia miaka ya 2000 aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari (IMS), iliyo chini ya UDSM, akiwamo Dk Flower Msuya, walihusisha hali hiyo na kupanda kwa joto la maji, wakashauri mwani uhamishiwe kwenye kina kirefu.

Ushauri ulikuwa sahihi kisayansi, lakini wanawake wengi hawakuwa na mashua wala hawakujua kuogelea. Ikabidi watafiti warudi kwao na kubuni pamoja nao: nyavu za mfano wa mrija za kupandia kwenye maji marefu, na usindikaji wa sabuni na unga ili mwani mchache uwe na thamani zaidi. Kazi ya namna hiyo ni ya miaka mingi. Humtaka mtafiti ajulikane ufukweni kwa jina, na ni vigumu kuieleza katika jedwali la matokeo ya robo mwaka.

Je, Serikali inaithamini? Mwaka 2006, katika kikao cha Umoja wa Afrika mjini Khartoum, nchi wanachama zilikubaliana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilionyesha Tanzania ikiwa takriban nusu ya kiwango hicho, na fedha za nje zikiwa ni sehemu kubwa ya zilizokuwapo.

Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo ya Sh milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha katika jarida la kimataifa lenye hadhi ya juu. Ni hatua njema kwa watafiti waliozoea kusahauliwa. Lakini tuzo hiyo inampa nini mtafiti aliyekaa miaka 10 akiwafundisha wanawake kufunga kamba za mwani, na ambaye jarida la mbali halioni jipya katika kazi yake?

Ipo pia fedha ya mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi (HEET), mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa kipindi cha miaka mitano. Mkopo huo unajenga madarasa, maabara na kampasi mpya na kusomesha wahadhiri. Majengo yanahitajika, hakuna anayebisha. Lakini mkopo ni deni la walipakodi, na haununui kemikali za maabara za mwaka wa saba wala mafuta ya boti ya kupimia joto la bahari mwaka wa kumi.

Chombo cha kubeba mzigo huo kipo. Mfuko wa MTUSATE, ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (Costech), ulianzishwa miaka ya 1990 kwa kazi hiyohiyo. Wakala wa Huduma za Misitu hukusanya mapato ya miti, Tanesco huuza umeme unaotegemea mito, na wanunuzi wa mwani husafirisha shehena nje ya nchi. Wote hula matunda ya takwimu zilizokusanywa na wahadhiri kwa fedha za Stockholm na Oslo. Bado hakuna sheria inayomtaka yeyote kati yao kurejesha senti moja kwenye mfuko huo.