Turkana Hulipa Kodi, na Barabara Si Sadaka

Mojawapo ya imani zilizokita mizizi katika siasa za Kenya, inayosikika katika mijadala ya bajeti na hata vinywani mwa baadhi ya wawakilishi wa Turkana wenyewe, ni kwamba wakazi wa kaunti hiyo hawalipi kodi, na kwa kuwa hawalipi, kila kilomita ya lami inayowafikia ni hisani ya walipa ushuru wa kwingine. Imani hiyo ndiyo inayomfanya mbunge au seneta anayesimama kumuuliza waziri kuhusu usafiri wa Nariokotome, Lowarengak au Lokitaung azungumze kwa sauti ya mwombaji, na ndiyo inayompa waziri ujasiri wa kujibu kwamba barabara itatengenezwa fedha zitakapopatikana. Ni imani potovu, na upotovu wake hudhihirika mara tu mtu anapoacha kuhesabu kodi mahali inapopokelewa na kuanza kuihesabu mahali inapolipwa.

Kodi ya moja kwa moja, kama ile inayokatwa kwenye mshahara, humtaja mlipaji kwa jina na nambari, kwa hiyo ni rahisi kuionyesha katika majedwali. Kodi isiyo ya moja kwa moja hujificha ndani ya bei, na mlipaji wake hatajwi popote. Mfugaji wa Nariokotome hana hati ya mshahara, lakini hununua sukari na sabuni ambazo hutozwa ushuru wa ongezeko la thamani, yaani VAT, wa asilimia 16. Na anapompigia ndugu yake aliyeko Lodwar au kumtumia fedha kwa simu, gharama za huduma hizo hubeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Huenda ikasemwa kwamba duka dogo la kijijini, ambalo mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5, halilazimiki kujisajili kwa VAT. Ni kweli, ila mwenye duka hilo ameshailipa kwa muuzaji wa jumla wa Kitale au Lodwar, hana njia ya kudai irudishwe, na hana budi kuipitisha kwa mteja. Msamaha huo wa kisheria unamwondolea mwenye duka makaratasi, lakini haumwondolei mnunuzi mzigo.

Hoja inakuwa nzito zaidi ikifika kwenye petroli. Tangu mwaka 1993 Kenya imekuwa na ada ya matengenezo ya barabara, yaani tozo inayokatwa kwa kila lita ya petroli na dizeli ili itunze barabara, nayo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwezi Julai 2024, mwaka mmoja baada ya VAT ya mafuta kuongezwa maradufu kutoka asilimia 8 hadi 16. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na katika orodha yake bei ya Lodwar huwa juu ya ile ya Nairobi kwa sababu ya umbali. Bei hiyo, hata hivyo, ni ya kituo cha mafuta. Kadiri mtu anavyosonga kaskazini kando ya Ziwa Turkana, petroli huuzwa kwa chupa kandokando ya njia, kwa bei ambayo hakuna mamlaka inayoitangaza, na mwendeshaji bodaboda anayeinunua hulipa shilingi zilezile 25 za barabara pamoja na faida ya kila mkono ambao chupa hiyo imepitia.

Kuna jambo jingine ambalo wapanga bajeti hawalitaji kamwe. Gari linalotoka Kalokol kuelekea Nariokotome hupita juu ya mchanga na kuvuka malaga, yaani mito ya msimu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina tone la maji. Ili asikwame, dereva hupunguza upepo wa magurudumu na kung'ang'ana na gia za chini, huku abiria wakiwa wamekaa juu ya magunia ya unga, kwa maana katika njia nyingi za huko lori la mizigo ndilo basi. Mchanga hunywa mafuta. Gari hilo huteketeza lita nyingi kwa kila kilomita kuliko gari la aina hiyohiyo linaloteleza kwenye lami ya Thika, na kwa kuwa ada ya barabara hutozwa kwa lita wala si kwa kilomita, msafiri wa Nariokotome huchangia matengenezo ya barabara kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa kila kilomita anayosafiri, kuliko msafiri wa jiji kuu. Anayenyimwa barabara hutozwa zaidi kwa sababu ya kunyimwa huko. Na mwaka 2025, serikali ilipoamua kuweka rehani shilingi 7 za kila lita ili kulipa malimbikizo ya madeni ya makandarasi nchini kote, mwendeshaji bodaboda wa ufukoni aliingizwa katika orodha ya wanaolipia lami ambayo pengine hatawahi kuikanyaga.

Inakuwaje basi mlipaji huyu asionekane? Jibu lipo katika uhasibu. Forodha ya bidhaa inayoliwa Kakuma hulipwa bandarini Mombasa, na ushuru wa kampuni ya simu huingia katika vitabu vya makao yake makuu Nairobi. Hata jina la Nariokotome, ambalo wanasayansi wa dunia nzima wanalijua kwa sababu ya mifupa ya mvulana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, iliyogunduliwa huko na Kamoya Kimeu mwaka 1984, linatoa mfano huohuo: mifupa yenyewe imehifadhiwa Nairobi, na kiingilio cha mtalii anayekwenda kwenye makumbusho huhesabiwa kuwa pato la Nairobi.

Imani hii haikuzuka yenyewe. Serikali ya kikoloni, iliyokusanya kodi kutoka kwa Waturkana huku ikiifanya nchi yao wilaya iliyofungwa ambayo mgeni hakuingia bila kibali, iliona umbali wa eneo hilo kuwa na manufaa, ndiyo maana ilimfunga Jomo Kenyatta na wenzake Lokitaung na baadaye kumweka Lodwar hadi mwaka 1961. Serikali huru nayo, katika Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, iliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezalisha zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na umeme. Mantiki hiyo hujizunguka: eneo lisilo na barabara halizalishi pato linaloweza kuhesabiwa, na kwa kuwa halina pato, halipati barabara. Lami ya kwanza ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilipofika katika miaka ya 1980, ilikuja kwa msaada wa Norway, jambo lililowathibitishia wengi kwamba barabara ya Turkana ni zawadi ya mfadhili. Hata ujenzi mpya wa barabara hiyo kutoka Lokichar kupitia Lodwar na Kakuma hadi mpakani Nadapal ulitegemea mkopo wa Benki ya Dunia, ila tofauti, ambayo hupuuzwa, ni kwamba mkopo hulipwa na walipa ushuru, akiwemo yule wa Nariokotome.

Anayepinga hoja hii atataja mgao wa usawa, yaani sehemu ya mapato ya taifa inayogawiwa kaunti, ambao kwa Turkana ulifikia takriban shilingi bilioni 12.6 katika mwaka wa fedha wa 2021/22, wa tatu kwa ukubwa baada ya ile ya Nairobi na Nakuru, na kwa hakika unazidi kwa mbali mapato ambayo kaunti hiyo hujikusanyia yenyewe. Hilo halina ubishi. Lakini mgao huo ni amri ya Katiba ya 2010, wala si ukarimu wa mtu, na hauna uhusiano na ada ya barabara, ambayo ilitungwa kwa kusudi moja na inapaswa kutolewa hesabu kwa kusudi hilo. Mgawanyo wa ada hiyo ndio wenye kasoro: Sheria ya Bodi ya Barabara ya Kenya ilitenga asilimia 22 kwa barabara za maeneobunge, zigawanywe sawasawa bila kujali ukubwa wa eneo. Turkana, yenye takriban kilomita za mraba 68,000, ina maeneobunge 6. Nairobi, yenye kilomita za mraba zisizozidi 710, ina 17. Usawa wa aina hiyo ni dhuluma iliyovalishwa kanzu, na ajabu ni kwamba Bunge la Kitaifa lilipovutana na magavana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ada hiyo katika mwaka wa fedha wa 2024/25, ugomvi ulihusu nani azishike zaidi ya barabara gani zitengenezwe.

Lawama haziishii Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi kaunti barabara za kaunti na usafiri wa umma wa barabarani, na Ibara ya 209 inaonya kwamba mamlaka yao ya kutoza yasizuie bidhaa na watu kwenda huku na huko. Mfugaji anayepeleka mbuzi sokoni Lodwar au Kakuma hulipa ushuru wa soko, mchuuzi wa samaki wakavu hutozwa kwa mzigo wake, na mwenye duka wa Kakuma, awe mwenyeji au mkimbizi, hukata leseni ya biashara ya kaunti. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na mji wake, biashara ambazo dhana iliyozoeleka huziita tegemezi. Kaunti inayochukua ada hizo zote bila kuonyesha kivuli cha abiria wala njia iliyosawazishwa baada ya mafuriko ya laga haina haki ya kuinyooshea serikali kuu kidole.

Tangu mwaka 2023, kanuni za Bunge la Kitaifa zinawalazimu mawaziri kufika wenyewe kujibu maswali, na nafasi hiyo haifai kupotezwa kwa kuuliza barabara itajengwa lini. Mwakilishi wa Turkana na aulize ni lita ngapi za petroli na dizeli zimeuzwa katika kaunti hiyo kwa mwaka, ada yake ni shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zimerudi kwenye barabara zake. Kisha wawakilishi wa wadi waiulize serikali ya kaunti swali hilohilo kuhusu ushuru wa mifugo na samaki. Mbunge au seneta na aulize pia kuhusu Hazina ya Usawazishaji, ile nusu ya asilimia moja ya mapato ambayo Ibara ya 204 iliitenga kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, na ambayo fedha zake zimekuwa zikichelewa kutoka tangu mwanzo. Hazina hiyo inakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda kwa sheria inayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti.