Njia za Mabasi Zisibadilishwe Mezani

Mtumishi wa serikali hutakiwa kuwa kazini saa 1:30 asubuhi, na mwalimu hutakiwa kutia saini daftari la mahudhurio kabla kengele haijalia. Daftari na kengele haviulizi mtu amepanda mabasi mangapi. Kwa sababu hiyo, kila pendekezo la kubadilisha njia za mabasi katika jiji la Dar es Salaam linagusa kazi za umma, wala si shauri la madereva na makondakta peke yao.

Kwamba njia hizo hazina budi kubadilika si jambo la kubishaniwa. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Yaliyokuwa mashamba huko Mbezi, Goba na Chanika leo ni makazi, lakini barabara kuu zinazowaleta watu mjini ni zile zile za Morogoro, Bagamoyo, Kilwa na Nyerere. Daladala ndogo, hata zikiwa nyingi kiasi gani, haziwezi kufanya kazi ya basi kubwa lenye njia yake lenyewe. Ndiyo maana mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, wananchi wengi waliyapokea kwa matumaini.

Pamoja na mabasi hayo huja pendekezo moja: daladala ziondoke kwenye barabara kuu, zihamie mitaa ya pembeni, ziwe mabasi mlishi yanayoleta abiria kwenye vituo vikubwa. Katika ramani, pendekezo hilo limenyooka kabisa. Kwa abiria, maana yake ni kwamba njia iliyokuwa moja imekatwa vipande viwili. Aliyekuwa akipanda basi karibu na nyumbani na kushuka karibu na kazini sasa atapanda, atashuka, atapanga foleni, atapanda tena. Atalipa nauli mbili asubuhi na mbili jioni. Kwa mwenye mshahara wa kati tofauti hiyo ni mzigo; kwa mama lishe au kibarua anayelipwa kwa siku, ni chakula cha watoto.

Jiji hili limekwisha kupata funzo lake. Kampuni ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Watu walipozidi na mabasi ya UDA yakapungua kwa uhaba wa vipuri na fedha za kigeni, magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kinyume cha sheria. Yalikamatwa, yakatozwa faini, lakini hayakwisha, kwa kuwa abiria walikuwa bado vituoni. Mwaka 1983 Serikali iliyaruhusu, na jina la daladala likashika kutokana na nauli ya shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala. Mafunzo ya historia hiyo ni kwamba penye abiria pasipo na basi, usafiri mwingine utazaliwa, upende usipende mpangaji. Leo usafiri huo ni bodaboda na bajaji, ambazo ni ghali zaidi, na pikipiki ni ya hatari zaidi.

Mwaka 2016 daladala zilizokuwa zikienda mjini kutoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro zilipangiwa njia nyingine. Kisha mabasi mapya yakaanza kuharibika, foleni za Kimara zikarefuka, na kila mvua kubwa ilipofurisha Bonde la Msimbazi, huduma ilikatika pale Jangwani. Ndipo ilipoonekana gharama ya kuondoa njia ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba njia mpya inaweza kuubeba mzigo wote.

Yafaa basi mabadiliko yoyote yafuate masharti matatu. Kwanza, daladala zisiondolewe katika barabara kwa sababu tarehe imefika, bali ziondolewe hatua kwa hatua, kadiri mabasi makubwa yanavyothibitika kuwa yanatosha saa za asubuhi na jioni. Pili, mtu aliyelazimishwa kubadili basi asilipe nauli mbili kamili. Tiketi moja imfikishe mwisho wa safari yake. Tatu, mwanafunzi, ambaye mara nyingi husukumwa mlangoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo, asiachwe akutane na mlango wa namna hiyo mara mbili kwa safari moja.

Watakuwapo watakaosema kwamba sharti la pili haliwezekani, na hoja yao ina uzito. Dereva wa daladala hudaiwa hesabu na tajiri wake kila jioni. Hawezi kupokea tiketi ambayo haimpi fedha taslimu. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomfanya akatishe njia penye msongamano na kuwashusha abiria kabla ya mwisho. Lakini ugumu huo unaonyesha tu mahali pa kuanzia. Wenye daladala wakiunganishwa katika ushirika, na wakalipwa kwa safari walizokamilisha kutoka mfuko mmoja wa nauli, dereva hatakuwa na sababu ya kukatisha njia wala ya kumfukuza mwanafunzi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchora mstari katika ramani, lakini bila hiyo mstari huo hauna faida.

Waswahili husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliunda pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo. Maoni ya watumiaji hao yasitafutwe ukumbini saa 4 asubuhi, wakati wenyewe wako kazini na madarasani. Yatafutwe Mbagala na Gongo la Mboto saa 12 alfajiri, na Kariakoo saa 1 jioni, mahali ambapo abiria hukubali kupanda gari linalokwenda kinyume na safari yake na kulipa nauli ya ziada, ili tu ageuze nalo akiwa ameketi.

Afisa anayeandaa mapendekezo ya njia na apande njia hizo kwa wiki moja, kwa nauli yake mwenyewe, kabla ya kutia saini.