TAHARIRI: Mwenye Kura Awe pia Mwenye Soko

Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule kilifutwa, na Mkenya akarudishiwa haki ya kuchagua chama akipendacho. Uwanja wa Kamukunji, ambako wananchi walipigwa marungu wakiidai haki hiyo, u karibu mno na soko la Gikomba. Hata hivyo, mchuuzi aliyeipata kura hakupata ardhi ambayo kibanda chake kimesimama juu yake. Hilo ni deni la mageuzi ambalo halijalipwa.

Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali pale Kamukunji, na baadaye wakajengewa mabanda. Mabanda yale yaliwafaa. Lakini kinachotolewa kwa hisani ya mkubwa huweza kuondolewa kwa ghadhabu yake. Hisani si hatimiliki.

Tarehe 28 Juni 2018 moto uliunguza Gikomba na kuua watu 15. Haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kila soko linapoungua, wananchi huulizana ni nani anayeitamani ardhi ile. Sisi hatumtuhumu mtu bila ushahidi. Twasema tu kwamba mashaka hayo hayataisha mpaka ardhi iwe na mwenyewe anayejulikana.

Mwenyewe huyo na awe nani? Jibu letu ni wale wale wanaoitolea jasho: mshona nguo, muuza mitumba, seremala na mama wa samaki, wakiungana katika vyama vya ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ilipotungwa iliwaruhusu watu kumi kuanzisha chama, na ikampa kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au mia. Msingi huo ndio tulioudai kwa taifa zima.

Wapo watakaotukumbusha kampuni za kununua mashamba za miaka ya 1970, ambako wakurugenzi walijigawia ekari na wanachama wengi wakabaki na risiti. Onyo hilo ni la haki. Ushirika usiokaguliwa ni udikteta mdogo. Kwa hiyo mahesabu yasomwe hadharani kila mwaka, viongozi wachaguliwe kwa muda maalumu, na sehemu ya mwanachama isiuzwe kwa mtu asiyefanya kazi sokoni.

Jambo hili si ndoto. Huko Mondragón, Hispania, vijana watano walianzisha kiwanda chao mwaka 1956, chini ya udikteta wa Franco, kwa msaada wa padri wao. Leo ushirika uliotokana nacho una makumi ya maelfu ya wafanyakazi.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, Serikali ya Kaunti ya Nairobi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zitangaze kila kipande cha Gikomba kimesajiliwa kwa jina la nani. Kilichonyakuliwa kirudishwe, kwani Kifungu cha 40(6) cha Katiba ya 2010 hakilindi mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Pili, ardhi ya umma ya soko ikodishwe kwa muda mrefu kwa vyama vya wafanyakazi wenyewe.

Nanyi ndugu zetu wa Gikomba, msiwangoje wakubwa. Watu kumi wenye kuaminiana hawakosekani katika safu moja ya vibanda. Umoja ni nguvu, na mali isiyo na umoja huliwa na wengine.